Udongo wa Buluu

Kwa miaka zaidi ya ishirini, mchoraji katika nyumba yetu ya Kiwalani alikuwa mmoja, na ni mie. Mke wangu alipika udi, alisinga maharusi, alipaka watu hina na piko. Mie nilichora. Nilichora vibao vya vinyozi, vya wauza chipsi, vya magereji na vya wauza dawa za asili. Kutoka kwetu mpaka Kipawa ungeweza kutembea ukiusoma mkono wangu kwenye kuta: kijana mwenye panki na nyusi nzito, kuku aliyekaa juu ya sahani kama amefurahi kuliwa, na maneno ya kukaribisha wateja, kila herufi na kivuli chake chekundu upande wa kulia. Watu waliniita fundi. Nilipopita mtaani nikiwa na kopo na brashi, nilitembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango. Mteja mmoja, mtu mwenye adabu, alinieleza kwa upole kwamba siku hizi watu wanataka picha yenyewe, siyo mchoro. Wengine hawakueleza chochote. Nilikuwa napita asubuhi nakuta kazi yangu imefunikwa na turubai linalong'aa, limepigiliwa misumari minne, na kuku wangu yuko chini yake gizani. Mwaka ule kazi zilipungua mpaka brashi zikaanza kukauka kwenye kopo.

Aliyenitoa kwenye uvivu wa kukaa barazani alikuwa mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi kule Kinondoni. Nilikuwa nimewahi kumchorea ramani ya Afrika kwenye ukuta wa darasa lake. Akanipigia simu. Alifundisha kuchora, watoto wake walikuwa wengi, na penseli za rangi za dukani zilikuwa zinavunjika na kwisha kabla ya muhula kufika katikati.

"Fundi," akasema, "nimeona kwenye simu watu wanatengeneza chaki za kuchorea kwa udongo. Udongo tu, wanausaga, wanauchanganya na gundi, wanaukausha. Wewe unazijua rangi. Hebu nijaribie."

Nilikubali kabla hajamaliza. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya mtu aliyeitwa na serikali. Jirani yetu alikuwa anachimba shimo la choo, na chini ya mchanga ulikuwa umetoka udongo mwekundu mzuri. Nikauomba, nikauanika, nikautwanga kwenye kinu, nikauchanganya na uji wa ngano, nikafinyanga vijiti urefu wa kidole nikavianika juu ya bati juani. Kufika alasiri vyote vilikuwa vimepasuka. Vichache vilivyobaki vizima vilikwaruza karatasi kama msumari.

Mara ya pili nikatumia shira ya sukari. Vilikauka vizuri, vikang'aa. Asubuhi sisimizi walikuwa wamevivamia wote, wanavibeba kwa vipande kuelekea ukutani. Mke wangu alisimama mlangoni akiwatazama, khanga begani, akijizuia kucheka.

"Mbona unautwanga na mchanga wake?" akauliza.

"Udongo si ndiyo huo."

"Huo udongo na mchanga. Liwa tunaisaga hivyo? Ungempaka bi harusi kitu kama hicho si ungemchuna ngozi?"

Nilimwambia hii siyo liwa, ni vifaa vya sanaa. Yeye anatoka kwenye familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu, watu waliokaa dukani kizazi baada ya kizazi, na ana ile tabia ya kumwacha mteja mbishi azungumze mpaka achoke. Nikatoka kwenda msikitini. Niliporudi nilikuta ameuchukua udongo uliobaki.

Aliutia kwenye ndoo yenye maji, akaukoroga kwa mwiko, akahesabu kimoyomoyo muda fulani, halafu akayamimina yale maji mekundu kwenye beseni jingine na kuacha mchanga wote chini ya ndoo. Akarudia mara tatu. Mara ya mwisho akayapitisha kwenye ushungi wake wa zamani uliokuwa laini kwa kufuliwa. Kisha akaliacha beseni. Kesho yake maji yalikuwa meupe juu, na chini umetuama ute mwekundu kama krimu. Akamwaga maji polepole, akauanika ule ute kwenye sinia mpaka ukawa unga usiokwaruza hata ukiusugua kati ya vidole viwili.

Gundi aliijua pia. Alikwenda kwa muuza ubani akanunua vipande vya utomvu wa mgunga, akaviloweka usiku kucha. Akakandia ule unga kidogokidogo, akaongeza udongo mweupe wa Pugu aliokuwa nao kwa ajili ya kazi zake za maharusi, akaviringisha vijiti kwenye ubao wa chapati, akavianika kivulini, siyo juani. Siku ya tatu aliniletea kimoja kwenye kiganja kama mtu anayekuletea tende.

Nikakivuta kwenye karatasi ya kaki. Kilitoa mstari mnene, laini, mwekundu kama tofali lililolowa mvua. Niliubonyeza, ukawa mzito. Niliulegeza, ukawa kama moshi. Katika maisha yangu yote ya rangi za mafuta sikuwahi kushika kitu kinachoutii mkono namna ile.

"Kinafaa?" akauliza.

"Kinafaa," nikasema. Mpaka hapo sikuwa na neno moyoni. Nilifurahi, na nikaona kwamba kazi yangu imepata msaidizi.

Kilichokuja kunipata kilitokea wiki iliyofuata. Alikuwa ametengeneza rangi nyingine: njano kutoka kwenye kingo za barabara ya Pugu, kahawia ya kichuguu, nyeusi ya mkaa wa vifuu vya nazi. Alikaa uani anavijaribu vijiti kimoja kimoja kwenye mfuko wa kaki wa unga alioukata na kuukunjua. Nilidhani anapiga mistari. Nilipoinama kuchukua birika nikaiona karatasi.

Alikuwa amechora ndala zangu.

Zilikuwa pale mlangoni nilipozivua, moja imelalia nyingine. Alikuwa amezichora kwa mistari michache, na kila mstari ulikuwa mahali pake. Kisigino kimelika upande wa nje kwa sababu ya namna ninavyotembea. Ule ukanda nilioushona kwa uzi wa nailoni. Mtu hakuwemo, lakini nilijiona mle ndani mzima mzima: mwanamume mzito, amechoka, amerudi nyumbani mapema kwa sababu hana kazi. Kwa miaka ile yote nilikuwa nimechora nyuso mia na mia, na hakuna hata uso mmoja uliokuwa na mtu ndani yake kama zile ndala.

Nilihisi kitu kinanishika hapa, chini ya mbavu, kama nimekunywa maji ya baridi haraka.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

Akaniangalia kwa mshangao. "Kujifunza nini? Nimewachora watu miguu na mikono tangu sijavunja ungo. Ulidhani mie nikikaa na koni ya hina nafanya nini?"

Sikuwahi kufikiria kwamba kile ni kuchora. Nakiri hivyo. Nilikuwa nimelala na mchoraji kitanda kimoja nusu ya maisha yangu, na kwa sababu kazi yake inaoshwa na sabuni ndani ya wiki mbili, sikuihesabu.

"Basi?" akasema, akiisogeza karatasi kwangu. "Unaionaje?"

"Si mbaya," nikasema. Hayo ndiyo maneno niliyompa.

Mwalimu alipokuja kuchukua vijiti, mke wangu alikuwa ameitandika ile karatasi chini ya sinia kama kitambaa cha kawaida. Mwalimu akakiinua kijiti kimoja, akaona kisigino cha ndala, akalisogeza sinia lote pembeni.

"Fundi! Hii umeichora wewe?"

Ningeweza kujibu haraka. Nilikaa kimya muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, mpaka mke wangu mwenyewe akasema, "Nilikuwa najaribia rangi tu."

Kuanzia hapo mambo yakaenda upande wake. Mwalimu alimwomba aje shuleni awaonyeshe watoto namna ya kuchuja udongo na kufinyanga vijiti, na awachoree. Nilikwenda naye. Mie nilibeba ndoo. Watoto walimpigia shikamoo kwa sauti moja, wakamwita mwalimu. Mie waliniita babu. Alikaa kwenye mkeka katikati yao, akalichora papai lililokatwa, kisha mbuzi aliyekuwa amefungwa nje ya dirisha, na mbuzi yule alipotikisa sikio yeye alilifuta sikio kwa kidole na kulichora upya, watoto wakapiga kelele. Nilisimama mlangoni na ndoo yangu. Ukutani nyuma yao ilikuwepo ramani yangu ya Afrika. Hakuna aliyeitazama.

Njiani wakati wa kurudi alizungumza mfululizo. Sikuwa nimemsikia akizungumza hivyo tangu tulipokuwa wachumba. Alikuwa na udongo mwekundu kwenye ukingo wa buibui na hakujali. Nilingoja mpaka aliponyamaza kuvuta pumzi, nikasema, "Watoto hao hata ukiwachorea mstari mmoja watapiga makofi."

Akanyamaza mpaka nyumbani.

Kama ingekuwa wivu wa mapenzi, ningeuelewa. Mtu anajua afanye nini na wivu ule: anagomba, anauliza maswali, anashika simu ya mwenzake. Huu ulikuwa kijicho, husuda hasa, ile ambayo masheikh wanatuonya nayo, na nilikuwa nimezoea kudhani inawapata majirani. Nilikuwa nasikia sauti ya kijiti kikipita kwenye karatasi uani na chakula kinakosa ladha mdomoni. Nikaanza kufanya vitu vidogo. Karatasi za kaki nilizokuwa namletea, nikawa nasahau kuzileta. Ule ushungi wa kuchujia niliufutia mnyororo wa baiskeli, nikasema sikujua. Siku moja nikachukua mchoro wake wa jirani anayepeta mchele, nikautazama kwa muda kama mtaalamu, nikamwambia, "Kivuli umekikosea. Jua haliwezi kutoka pande mbili."

Hakikukosewa. Uani kwetu kuna ukuta mweupe unaorudisha mwanga, na yeye alikuwa ameuona mwanga ule na mie sikuwahi kuuona. Lakini kwa siku kadhaa baada ya hapo alichora vitu bila vivuli, na alikuwa akimaliza ananitazama usoni kabla ya kutazama alichokichora. Nilikiona hicho. Nikajisikia vizuri, Mungu anisamehe.

Sasa nifike kwenye buluu.

Mwalimu alikuja siku ya Alhamisi, tukanywa chai. Alisema watoto wanazipenda rangi zote, lakini kila siku wanamuuliza bahari waichore kwa rangi gani, na mbingu je?

"Buluu hakuna," mke wangu akasema. "Ardhi yetu haina. Nimeuliza hata wafinyanzi."

"Ipo," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Sikuwa nimepanga. Neno lilikuwa limeshatoka, na nyuma yake likatoka jingine, na jingine. Nikasema nilipokuwa kijana nilikwenda kuandika kibao kule Pugu, nikaona kwenye machimbo ya zamani ya kifusi mkanda wa udongo wa buluu, umelala katikati ya mweupe. Nikasema nilikuwa nimeusahau mpaka siku ile. Nikasema nitaufuata.

Mke wangu aliweka kikombe chini. "Wa buluu kabisa?"

"Kama mbingu," nikasema.

Jumamosi nilitoka na gunia. Sikufika Pugu. Niliteremka Gongo la Mboto nikakaa kwa muuza kahawa mpaka adhuhuri, halafu nikaingia duka moja nikanunua bluu ya kufulia, ile ya unga inayotiwa kwenye maji ya kanzu. Udongo mweupe nilikuwa nimeuchota nyumbani kwenye kopo lake. Nyuma ya ukuta wa gereji ya rafiki yangu niliuchanganya na maji kidogo, nikatengeneza mabonge, nikayachafua kwa vumbi na majani makavu ili yaonekane yametoka ardhini, nikayaanika juu ya bati mpaka alasiri. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa. Nilivunja bonge moja kuona kama rangi imeingia mpaka ndani. Nilikuwa na furaha, furaha ya mtu anayefanya kazi anayoiweza.

Nilipolifungua gunia mbele yake, mke wangu alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Subhanallah," akasema. Akalichukua bonge kwa mikono miwili. Halafu akaniangalia mie, siyo bonge, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani nilipokuwa juu ya ngazi, nachora herufi kubwa kuliko mtu. "Na ulikaa nalo kichwani miaka yote hii!"

Alikwenda kuwaita majirani. Nyumba ilijaa wanawake wakilishika bonge langu na kulinusa. Nilikaa kwenye kiti nikieleza habari za machimbo, na kila nilipoeleza mkanda wa buluu uliongezeka upana.

Alipoanza kulichuja, halikufanya kama udongo mwingine. Mweupe ulituama chini, lakini maji juu yalibaki ya buluu siku nzima, na siku ya pili. Vidole vyake vilishika rangi isiyotoka. Nilimwona anainama juu ya beseni, anakunja uso, anachovya kidole. Nikadhani nimekwisha.

"Huu una ukaidi," akasema hatimaye, akicheka. "Hautaki kutua. Labda kwa sababu umetoka mbali chini."

Nilipumua. Baadaye sana ndipo nilipoelewa alichokuwa amefanya pale. Hakuna mtu katika mtaa wetu anayejua kuliko yeye kitu gani kinatua kwenye maji na kitu gani kinayeyuka, na amefua kanzu zangu kwa bluu ile maisha yake yote. Mikono yake ilikuwa inamwambia ukweli. Alichagua kunisadiki mie.

Vijiti vya buluu vilipelekwa Kinondoni. Mwalimu akapiga simu, sauti juu, anasema watoto wamechora bahari mpaka karatasi zimekwisha, na kwamba anataka kuwapeleka darasa zima wakaione ardhi ya buluu kwa macho yao. Mke wangu akamwambia angoje. "Kwanza niende na mume wangu, tukapaangalie kama ni salama kwa watoto."

Nilitoa kila sababu. Mguu unauma. Machimbo yamefukiwa. Mvua inakuja. Yeye alikuwa ameshafunga chapati kwenye kitambaa na kuazima jembe dogo kwa jirani. Tulipanda gari hadi mwisho wa lami, tukachukua bajaji, halafu tukatembea. Nilimpeleka kwenye machimbo ya kwanza ya kifusi tuliyoyakuta, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga.

"Hapa?" akauliza.

"Hapahapa. Pale kwenye ukingo."

Akapandisha buibui, akalifunga kiunoni, akaanza kuchimba. Nilichukua jembe nikachimba kidogo, akaninyang'anya akasema nachimba ovyo, nitauharibu mkanda. Aliufuata ukingo hatua kwa hatua. Jua lilipanda. Jasho lilimtiririka likachanganyika na vumbi jeupe usoni. Kila udongo ukibadilika kidogo alipiga magoti, akaweka punje kwenye kiganja, akaitemea mate, akaisugua, akaitazama. Mara moja alipiga kelele, "Njoo! Njoo uone!" Nikakimbia. Ulikuwa wa kijivu, unaelekea zambarau. Akausugua kiganjani kwa muda mrefu, akiuomba uwe buluu.

"Tumekaribia," akasema. "Labda uko chini zaidi." Akalishika jembe tena, na nikaona amelishika kwa ncha za vidole kwa sababu viganja vilikuwa vimetoka malengelenge. Ni mikono anayofanyia kazi. Wiki ile alikuwa na bi harusi wa kumpaka piko.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna nini?"

"Hakuna udongo wa buluu. Acha kuchimba. Ni bluu ya kufulia. Niliinunua dukani Gongo la Mboto nikaichanganya na udongo wako mweupe. Hapa sijawahi kufika."

Alibaki ameinama. Nilidhani hajasikia. Kisha akaliweka jembe chini taratibu, akakaa juu ya kifusi.

"Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote ya uongo, mojawapo likimtaja mwalimu na wale watoto na huruma yangu kwao. Nilimtazama viganja.

"Nilikuwa nakuonea kijicho," nikasema.

"Mie?"

Alivyolitamka neno lile siwezi kulieleza. Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kama mtu aliyeambiwa ana nyumba mahali fulani ambayo hajawahi kuiona.

"Tangu zile ndala," nikasema. "Na kivuli hukukikosea. Kilikuwa sawa. Nilijua kiko sawa."

Hapo ndipo alipolia. Uongo wa buluu aliusikiliza macho makavu, kivuli ndicho kilichomliza. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye udongo, akasema, "Nimewaita majirani, nimemwambia mwalimu, nimewaambia mpaka kaka zangu dukani kwamba mume wangu amegundua kitu." Kisha akasimama, akauchota ule udongo wa kijivu aliouona, akaujaza kwenye gunia. Nilipotaka kumpokea akalivuta kwake. Alilibeba mwenyewe mpaka barabarani, na chapati tulizirudisha nyumbani hazijafunguliwa.

Kesho yake alikwenda Temeke kwa binti yetu. Alichukua mabeseni, chekeche, sinia na lile gunia. Vijiti vya buluu vilivyobaki aliviacha mezani, vimepangwa vizuri.

Nilikaa na vijiti vile siku mbili. Siku ya tatu nikavaa kanzu, nikaenda Kinondoni. Mwalimu alinisikiliza mlangoni mwa darasa, akiwa na rula mkononi. Sikutaja ndoa yangu, nilisema tu kwamba niliudanganya umma kwa sababu nilitaka kusifiwa. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alichoka ghafla.

"Na watoto nitawaambia nini?"

"Nitawaambia mwenyewe."

Nikasimama mbele yao, chini ya ramani yangu. Nikasema kwamba rangi ya buluu siyo udongo, kwamba nilidanganya, na kwamba yule mama aliyewafundisha hakujua. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha kidole.

"Kwani ikikugusa shati inatoka?"

"Inatoka ukiifua," nikasema.

"Basi sie tunaitaka hivyohivyo."

Wenzake wakaafiki. Mwalimu akageukia dirishani ili wasimwone anacheka. Mie sikuweza kucheka. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa, na kule kusamehewa haraka na watu wasiojua uzito wa kitu wanachokisamehe kulinikaa vibaya zaidi.

Mke wangu alirudi siku ya kumi na moja, asubuhi, na mabeseni yake kichwani mwa kijana wa bajaji. Siku zote hizo sikumfuata, kwa sababu binti alinionya nisimfuate. Nilimpokea mizigo. Akaketi uani, akaomba maji, akanywa.

"Mwalimu alinipigia," akasema. "Kaniambia ulichofanya."

Nikaipokea ile glasi tupu.

"Sikiliza, baba watoto. Kijicho ukinionea, siwezi kukuzuia. Mie mwenyewe nilikuwaga nakuonea miaka ile, nakuona juu ya ngazi watu wote wamekuinulia shingo, mie niko ndani na miguu ya watu. Nilikuwa naumia, halafu nakukaangia samaki. Lakini sikuwahi kukuharibia brashi. Kikikushika, niambie. Usininyamazie, na usiniguse kazi."

Nikamwambia nimesikia. Nilitaka kumuuliza juu ya ile miaka, ilikuwaje, na kwa nini sikuona. Alikuwa ameshainuka kwenda kutafuta sehemu yenye kivuli ya kuweka masinia.

Ule udongo wa kijivu wa Pugu aliutengeneza akiwa Temeke. Umetoa rangi ninayoshindwa kuipa jina. Ukiiweka peke yake ni ya majivu, ukiiweka karibu na ile njano yake inageuka, jicho linaiona kama maji ya jioni. Watoto wa Kinondoni wanaitumia kuchorea bahari sasa, ingawa wengine bado wanalilia bluu ya kufulia. Wanawake watano wa mtaani wanakuja uani kwetu kufinyanga. Kazi yangu ni kutwanga na kuandika majina ya rangi kwenye visanduku kwa mkono, maana herufi bado hakuna wa kunizidi.

Sijapona. Juzi alikuwa anamchora mmoja wa wale wanawake akimnyonyesha mwanawe, na aliupata uzito wa kichwa cha mtoto kwenye mkono kwa mstari mmoja tu, bila kurudia. Niliacha kutwanga.

"Mama watoto," nikasema, "kimenishika."

Hakuinua macho. "Kwa lipi?"

"Huo mkono."

Akautazama mchoro wake, akainamisha kichwa upande. "Ni mzuri, eh?"

"Ni mzuri sana," nikasema, na iliniuma kuisema, na nikaisema yote.

"Haya. Maliza kutwanga huo wa kahawia, halafu uje ukae hapa uutazame vizuri."

Nikaushika mchi.